Vidonge Ambavyo Daktari Hakuambiwa

Mama alikuwa na jibu la kila swali, hata kabla swali halijaisha. Binti yake, fundi cherehani wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa ameketi kiti cha pili mbele ya daktari, amekonda hadi gauni alilojishonea mwenyewe linampwaya. Mwaka wa tatu anaharisha damu. Utumbo wake mpana ulikuwa vidonda vitupu, na keshokutwa madaktari walikuwa wautoe.

Daktari, mwanamke mpole, alijaza fomu. Alieleza kwamba kila jibu lina alama. Zikijumlishwa zinaonyesha uwezekano wa kidonda cha upasuaji kuingia usaha. Zikizidi, upasuaji unaahirishwa.

Hilo neno lilimkata mama maini. Walishaahirishwa mara mbili.

"Anavuta sigara?"

"Huyu? Hata moshi wa jiko unamfukuza nyumbani!"

"Na vile vidonge vya steroidi, vya kutuliza utumbo, bado anameza?"

Binti akafungua mdomo. Mama akamdakia. "Aliacha, daktari. Tangu siku ile uliyosema aache."

Uongo mchana kweupe. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemmezesha vinne, vya kununua dukani bila cheti, ili tu aweze kutembea.

"Basi alama zake si mbaya," daktari akasema. "Tunaendelea."

Nje binti akasimama. "Mama, mbona umemdanganya?"

"Haya, rudi ukamwambie. Halafu uendelee kulala chooni."

Binti akacheka, maskini. Akamfuata.

Siku ya sita baada ya kupasuliwa, tumbo likavimba, homa ikapanda, mshono ukaachia. Usaha ulitoka na harufu iliyowafanya wagonjwa wa jirani wageukie ukutani. Akarudishwa chumba cha upasuaji. Ndipo mama alipokiri, analia, ameshika koti la daktari.

"Vile vidonge vinaunyima mwili nguvu ya kupigana na vijidudu," daktari akasema. "Tungejua, tungevipunguza kidogo kidogo kwanza, ndipo tupasue."

"Kwa muda gani?"

"Kama wiki sita, mama."

Wiki sita! Binti alikaa wodini kumi na moja, na kidonda kilikuwa hakijafunga.

Wiki hiyo ya kumi na moja nesi alikuja na maswali mapya, kwa ajili ya upasuaji mwingine. Mama akavuta kiti karibu.

"Sista," binti akasema, macho yake yakiwa kwa nesi tu, "naomba mama atoke kwanza."

Mama akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake.