Kiti cha Kushoto

Xavery alikuwa amelala chali chini ya lori, grisi imemfika viwikoni, mashabiki walipoanza kumtafuta mwalimu mpya wa timu. Walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha lori hilohilo, juu ya tairi kuukuu, wakila ugali wa mchana. Hawakujua kwamba yupo chini yake. Yeye aliona miguu tu: mabuti ya madereva wa kombaini, zile mashine za kuvunia ngano, katambuga za vibarua, na viatu vyeupe vya Fabiola wa zahanati. Mguu wa kulia wa Fabiola ulinyooshwa mbele, kwa sababu tangu Aprili goti lake lilikuwa halikunjiki vizuri.

"Mwalimu Urban," mtu mmoja alisema. "Ana cheti cha ukocha. Kakisomea hukohuko kwao Songea."

"Cheti kinacheza namba ngapi?" Fabiola akauliza. Watu wakacheka.

"Tena Urban anataka wapasiane mpaka golini," alisema Pascal wa stoo. "Sisi hapa tumezoea mpira mrefu, tunaufukuza wote."

"Ndiyo maana mnafungwa mkiwa mnahema," Urban mwenyewe akajibu, naye akacheka kidogo. Kisha akakohoa. "Nashukuru kwa heshima hiyo, lakini Jumamosi nina madaftari ya darasa la saba."

Wakamgeukia Pascal. Pascal akasema Jumamosi anapokea dizeli. Wakaitaja miguu ya huyu, akili ya yule, na kila aliyetajwa Jumamosi yake ilikuwa imeshajaa. Hatimaye likabaki jina moja, na Xavery akalijua kabla halijatamkwa.

"Hermani," Fabiola alisema. "Mpira wote aliokuwa nao kaka yako aliumwagia kwako. Tukuache wewe twende kwa nani?"

"Tafuteni mwingine," alisema Hermani.

Xavery aliifumbata spana kwa mikono miwili juu ya kifua. Alikuwa na miaka hamsini na moja, na miaka tisa kati ya hiyo alikuwa ameibeba Timu ya Kombaini, timu ya shamba la ngano la serikali, katika kila kiwanja cha Hanang na Mbulu. Wachezaji na mashabiki walipanda nyuma. Mwalimu alipanda mbele, kushoto kwa dereva. Haikuandikwa mahali popote, lakini hata meneja wa shamba akiomba lifti siku ya mechi alipelekwa nyuma. Kiti kile kilikuwa cha Alfredi, mwalimu wao na kaka yake Hermani. Wakiwa njiani Alfredi alipanga kikosi kwa kidole kwenye vumbi la dashibodi, akafuta jina, akalirudisha, akamuuliza Xavery, na Xavery akimjibu asivyopenda, alinuna mpaka wafike.

Aprili, wakienda Masieda, kwenye mteremko mkali gia ilichomoka na breki zikakataa. Kulia kulikuwa na korongo. Kushoto kulikuwa na ukingo wa udongo na mawe. Nyuma kulikuwa na watu ishirini na wanne wakiimba. Xavery alikata usukani kushoto. Wa nyuma walivunjika mikono na magoti, wakapona wote. Mlango wa kushoto uliingia ndani, ukamchukua Alfredi.

Polisi walipima barabara kwa kamba, wakaandika kwamba dereva hana kosa. Watu nao wakawa na maandishi yao. Dereva huokoa upande wake, walisema, kisimani, stoo, kwenye foleni ya sukari. Hakuna aliyemwambia usoni. Lakini Hermani, ambaye tangu utotoni alimpa shikamoo hata wakikutana mara tatu kwa siku, tangu siku ya mazishi alikuwa akimpita kama anavyopita nguzo. Katika nchi ile mtu anaweza kukunyima chakula ukavumilia. Kunyimwa salamu na mtu uliyemzidi umri ni jambo jingine, na lilimuuma Xavery kuliko maneno yote ya kisimani.

"Basi acheni kunizungusha," sauti ya Fabiola ilipanda. "Hakuna anayeikataa timu hapa. Mnakikataa kiti."

Xavery akaona hawezi tena kuendelea kulala pale kama mwizi. Akajiburuta akatoka, akasimama mbele yao akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Pascal akaacha kutafuna.

"Nimesikia," Xavery alisema. "Nitamwomba meneja anipe trekta. Mtafutiwe dereva mwingine."

"Dereva gani?" Fabiola akamkata. "Anayeijua barabara ile ni nani zaidi yako, kaka?"

Hermani akasimama. Alikuwa na makapi ya ngano kwenye nyusi na shingoni, maana mavuno yalikuwa yameanza wiki ile. Alimtazama Xavery usoni kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

"Kwa nini kushoto?"

"Kulia kulikuwa na korongo."

"Hilo kila mtu analijua."

Akasubiri. Xavery alikuwa na jibu. Alikuwa nalo kwa miezi mitatu, limemkaa kooni: gia ilipochomoka, Alfredi aliupiga mlango wake mwenyewe kwa kiganja, akapiga kelele, "Leta huku! Leta huku!" Lakini maneno yanayokusafisha wewe, na shahidi wako yuko kaburini, utamwambia nani akuamini? Tena kulikuwa na jingine baya zaidi. Kuna siku alikuwa na hakika kwamba alisikia kwanza ndipo akakata. Kuna siku mikono yake ilikumbuka kwamba ilishakata kabla ya sauti kufika. Akatazama chini. Hermani akachukua kofia yake akaondoka kuelekea mashambani.

"Haya," alisema Fabiola akiinuka kwa shida. "Jumamosi saa mbili lori linaondoka kwenda Masieda. Atakayepanda mbele ndiye mwalimu. Asipopanda mtu, tutacheza bila mwalimu, na Masieda watatufunga mpaka watuonee huruma."

Siku zile nne Xavery alifanya kazi ya watu watatu. Aliishusha giaboksi akaipandisha tena. Alibadilisha mipira ya breki. Mlango wa kushoto aliokuwa ameutoa kwenye lori bovu ulikuwa wa bluu, na lori lenyewe lilikuwa jekundu. Kitasa chake cha nje kilikuwa kimekufa, kwa hiyo abiria hakuweza kuingia mpaka dereva ajinyooshe amfungulie kwa ndani. Sponji ya kiti aliifunika kwa turubai jipya, akalishona mwenyewe kwa sindano ya magunia. Alhamisi alilipeleka lori tupu mpaka kwenye mteremko, akashuka nalo mara tatu. Mara ya tatu alipofika chini alizima injini, akalia.

Jumamosi saa mbili kasoro wachezaji na mashabiki walikuwa wameshajaa nyuma. Urban alipanda nyuma. Pascal alipanda nyuma akiwa amebeba filimbi ya mwalimu, kana kwamba hajui nani amempa. Fabiola alivutwa juu kwa mikono miwili. Hakukuwa na aliyeimba. Xavery aliwasha injini, akakaa akitazama mbele, kwa kuwa kutazama kushoto kulikuwa sawa na kuomba. Saa mbili ikafika, ikapita. Akatia gia ya kwanza.

Mlango wa bluu ukagongwa.

Akajinyoosha akaufungua. Hermani akapanda, akakaa, akauvuta mlango. Hakusalimia. Nyuma mtu mmoja alianza wimbo, akanyamazishwa.

Walikwenda saa nzima. Hermani alitazama dashibodi, ambako vumbi jipya lilikuwa limelala juu ya la zamani, na Xavery hakuwahi kulifuta. Walipofika juu ya mteremko Xavery alisimama kabisa, akashika gia ndogo.

"Alisema neno lolote?" Hermani aliuliza.

Xavery aliiacha injini ingurume kidogo.

"Alisema, 'Leta huku.' Aliupiga mlango wake kwa kiganja. Mara mbili. Lakini sijui, Hermani, kama mikono yangu ilikuwa imeshakata. Mungu ananiona. Hilo silijui."

Lori likaanza kushuka polepole, likilalamika. Korongo likafunguka kulia. Kushoto ukaja ukingo wa udongo, na pale palipochubuka Aprili palikuwa pameota majani mafupi, ya kijani kuliko mengine. Hermani aliinua mkono wake wa kushoto, akauweka kiganja juu ya mlango wa bluu, akauacha hapo.

"Shikamoo, kaka," alisema, akitazama mbele.

Xavery alifungua kinywa aitikie, sauti ikakataa kutoka. Mwalimu hakuirudia salamu yake wala hakuuondoa mkono. Xavery akashika usukani kwa mikono miwili, na lori likaendelea kushuka, taratibu, kuelekea Masieda.