Mpiga Taipu wa Bwana Vasseur

"Jazi ya Marekani, ile ya saksofoni tulivu," alisema Bwana Vasseur, akinyoosha mguu juu ya stuli. "Filamu za majambazi. Sataranji. Na Wajerumani wawili watatu waliofikiri sana. Hao ndio walionifundisha kuandika mauaji."

Mwandishi wa gazeti, aliyetoka Paris kumhoji, aliitikia kwa kichwa. Utepe wa kinasa sauti ulizunguka mezani. Pembeni, Odile Quesnoy, mpiga taipu wa Vasseur kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa akitenganisha nakala na karatasi za kaboni, vidole vimeingia weusi.

"Na yule mama wa kitabu cha tatu," mgeni aliuliza, "anayechoma nguo za mtoto wake aliyekufa, moja moja, akianza na soksi? Ulimtoa wapi?"

Vidole vya Odile vilisimama.

"Sikumtoa popote. Nilimbuni. Asubuhi moja, nikinyoa ndevu."

"Inatisha! Na wewe, bibi, unapenda kusoma nini?"

"Odile?" Vasseur alicheka. "Huyo hasomi, anapiga taipu tu. Maneno yanampitia kama maji kwenye bomba."

Mgeni naye akacheka. Odile akaenda kuchemsha kahawa, akaiangalia mpaka ikafurika.

Kesho yake alikaa kuyachapa mahojiano. Alichapa jazi, akachapa Wajerumani, hakuruka hata kikohozi. Alipofika kwenye soksi, alizima kinasa sauti. Miaka minane nyuma, mvua ikiwa imewafungia ndani, Vasseur alimwuliza kwa upole kama aliwahi kuwa na mtoto. Odile alimwambia jinsi alivyozichoma nguo za mwanawe, akianza na soksi. Vasseur alimpa leso.

Akachapa jibu: *Nilisimuliwa na Odile Quesnoy. Mtoto aliitwa Lucien. Alikuwa na miaka minne.*

Vasseur aliusoma ukurasa huo akiwa amesimama. Odile alisubiri kando ya mashine yake.

"Lucien," Vasseur alisema hatimaye, taratibu, kama mtu anayeonja mvinyo. "Hukuwahi kuniambia jina."

"Hukuuliza, bwana."

"Zuri. Nina mvulana anayeuawa sura ya pili ya kitabu kipya, nimekosa jina la kumpa wiki nzima." Akaliandika kwenye daftari lake, kisha akaikata ile mistari kwa wino mwekundu. "Rudia hapa. Weka nilivyosema mimi. Na usinichezee tena hivi, Odile. Wapiga taipu wamejaa Lyon."

Odile akaingiza karatasi mpya, akaizungusha mpaka ikanyooka. Nje, shule ilikuwa imetoka. Watoto walikuwa wakiitana kwa majina, kutoka upande mmoja wa mtaa hadi mwingine. Aliweka vidole juu ya herufi, akawasikiliza.