Daftari la Majeneza Madogo

Natengeneza majeneza. Nilianza na vitanda na milango, lakini mteja wa kitanda anaweza kulala chini mwaka mzima huku akibadili mawazo. Mteja wa jeneza habadili mawazo.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni daktari. Alitibu watu miaka minne, kisha wakampandisha cheo akawa msimamizi wa zahanati za mjini, halafu mkuu wa afya wa wilaya nzima. Kila alipopanda alipewa meza kubwa zaidi na wagonjwa wachache zaidi, mpaka akabaki na meza. Mimi humwita Dokta Karatasi. Yeye huniita Msumari wa Mwisho. Mke wangu haupendi utani huu.

Wilaya yake ilikuwa imechukua kombe miaka mitatu mfululizo, kombe la wilaya yenye vifo vichache vya watoto wachanga. Mwaka wa nne ilijulikana kwamba akilichukua tena, anapelekwa mkoani kuwa mkuu wa afya wa mkoa, kwa sababu mzee aliyekuwepo alikuwa anastaafu. Mama mkwe alikuwa anawaambia majirani kwamba ameshapelekwa.

Jumamosi moja asubuhi shemeji akaja karakanani, akafuta benchi kwa leso, akakaa.

"Shemeji, hapa hapafagiliwi?"

"Hapafagiliwi na nani? Hiyo takataka ni ya leo."

"Mwaka huu umetengeneza madogo mangapi?"

"Unanitafutia wateja au unanitafutia kesi?"

"Juzi tulikuwa makaburini, tunamzika mama wa karani wetu. Kule ukutani kuna safu ya makaburi mafupi. Nimehesabu mapya thelathini na moja. Wilaya yangu imeripoti vifo vinne."

"Hao wengine nani aliwaficha?"

"Hakuna aliyewaficha. Zahanati inaandika aliyefia zahanati. Aliyefia nyumbani haandikwi na mtu."

Nikamletea daftari langu. Niliacha shule darasa la sita, lakini kuandika urefu, upana, siku na mtaa naweza. Naandika kwa ajili ya mbao. Ukijua vipimo vinavyokuja sana, unajua kipande gani usikitupe. Jeneza la mtoto mchanga hutoka kwenye mabaki ya mlango.

Akasoma kurasa zote kwa kidole, bila haraka. Kwangu peke yangu yalikuwa ishirini na sita. Kisha kidole kikasimama.

"Mbona Jumapili na Jumatatu tu?"

"Siku hizo huwa nina kazi. Nilidhani ni mambo ya Mungu."

"Na karibu wote wametoka mtaa ule wa nyuma ya kiwanda."

"Kule watu ni wengi."

Akafunga daftari, akaliweka magotini.

"Zahanati ya kule inafungwa Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi," akasema. "Mama akishikwa na uchungu Jumamosi, anajifungulia nyumbani, na nani kule anajua kuzalisha?"

"Mjinga gani aliifunga?"

"Mimi."

Alisema kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake. Miaka minne nyuma wauguzi walikuwa wachache, akaandika mpango wa kufunga zahanati moja mwisho wa juma ili wauguzi wake wasaidie hospitali kubwa. Wakubwa waliusifu sana mpango ule. Ndio uliompa cheo.

"Basi ifungue, nyamaza, chukua kombe lako uende," nikamwambia.

Mke wangu akatoka ndani akasema hivyo hivyo, kwa sauti kubwa zaidi. "Mdogo wangu, usijipalie makaa. Nani kakuuliza?"

"Nikiifungua, wauguzi nitawatoa wapi, dada? Lazima niombe mkoani. Na mkoani watataka kujua wilaya yenye kombe inalilia nini."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba watoto wanakufa."

"Na wakiuliza nani aliifunga?"

"Faili lipo. Sahihi yangu ni kubwa, haihitaji miwani."

Mke wangu akarudi ndani. Tukasikia sufuria zinawekwa chini kwa nguvu.

Siku ya kombe nilikwenda na daftari, kwa sababu shemeji aliniomba. Nilivaa shati langu la mazishi, ndilo zuri. Mzee wa mkoani alikuwa mbele, kombe liko kwenye boksi miguuni pake. Shemeji akasimama, akasema ile hesabu ya vifo vinne si ya kweli, vilivyoonekana ni thelathini na kimoja, na zahanati ilifungwa kwa mpango wake yeye. Akaomba wauguzi wawili. Akakaa.

Mzee akavua miwani. "Takwimu hizi umezitoa wapi, Daktari?"

"Makaburini, na kwa fundi seremala."

"Fundi huyo ana elimu gani?"

"Darasa la sita," nikajibu mwenyewe. "Sikulimaliza."

Ukumbi ukacheka. Mzee hakucheka.

"Unakusanya takwimu kwa utaratibu gani?"

"Mtu anakuja kuagiza jeneza, mimi naandika."

"Utajuaje kama mtoto alizaliwa hai? Huenda alizaliwa amekwisha kufa. Hiyo ni hesabu nyingine."

Lilikuwa swali zuri. Nikafungua daftari.

"Wengine huniomba niandike jina kwenye kifuniko," nikasema. "Katika ishirini na sita, ishirini na wawili niliwaandika majina. Wazazi wao waliniambia walikaa nao siku moja, wengine mbili."

Mzee akavaa miwani yake. Kombe likaenda wilaya jirani, iliyoripoti vifo vitatu. Kule nadhani seremala hajui kuandika.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Shemeji aliondolewa kwenye ukuu wa wilaya, akapangiwa kuwa daktari wa zahanati ya nyuma ya kiwanda, "ili asimamie marekebisho kwa karibu". Wauguzi wawili walitajwa kwenye barua hiyo hiyo, na walifika. Mama mkwe alininyima salamu mwezi mzima, kwa sababu daftari lilikuwa langu.

Jumapili moja waliniita nikapige randa mlango wa chumba cha kuzalishia, ulikuwa unakwama. Nikamkuta shemeji anavua glovu, jasho limemtoka mpaka shingoni.

"Kazi vipi, Dokta?"

"Miaka kumi na moja sijazalisha mtu. Jana muuguzi ananiambia, 'Dokta, shika huku, siyo huko.' Binti ambaye ningeweza kumzaa mimi."

"Ukashika wapi?"

"Huku."

"Unajuta?"

"Muulize mama. Yeye anajuta kwa niaba yangu, tena vizuri kuliko mimi." Akachukua glovu nyingine. "Shemeji, toka mlangoni."

Nikageuka. Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja ameshika kiuno, ananisubiri nimalize kuongea. Nikapisha.