Sauti ya Mama Hewani

Naliaka alimnunulia mamake redio kwa sababu ya upweke. Yeye alipakia biskuti kiwandani Thika siku sita kwa wiki. Mama, Nakhumicha, aliyeletwa Ruiru kutoka Bungoma macho yalipoanza kufifia, alishinda peke yake chumbani akisikiliza majirani wakiteka maji.

Jumapili baada ya kanisa, Naliaka alivuta eriali akaanza kutafuta stesheni ya Kibukusu, lugha ya kwao. Mhubiri akaunguruma kwa Kikuyu. Vijana wakabishana kuhusu soka kwa Sheng. Taarabu ikapita, halafu Mjaluo akielezea ugonjwa wa kuku, halafu taarifa ya habari.

"Wote hawa wako hapa hewani sasa hivi?" mama akauliza. "Na hawagongani?"

"Hata mimi sijui, Mama."

Ikaingia sauti ya mwanamke mchangamfu.

"Acha hapo!"

"Hiyo si ya kwetu. Ni ya Wakamba."

"Nimesema acha."

Mama alikuwa anacheka. Alicheka pamoja na mtangazaji, palepale alipocheka, na Naliaka akabaki kumkodolea macho.

"Kwani unasikia anachosema?"

"Kuna mwanamume amepiga simu kumsalimia mkewe, kisha akasahau jina lake."

"Mama! Kikamba umejifunza wapi?"

"Baba alikata mkonge huko Makuyu nikiwa mdogo. Watoto wote wa kambi walikuwa Wakamba. Tuliporudi nyumbani nilikuwa na miaka kumi na moja, na sikupata tena wa kuongea naye." Akapapasa meza hadi akaishika redio. "Miaka sitini, Naliaka. Nilidhani kimenitoka."

Mtangazaji alirudia namba ya simu. Naliaka alipiga mara nane ikiwa bize. Mara ya tisa ikaita, naye akazima redio haraka isiingiliane na simu, akamwekea mama simu sikioni.

Mama alianza kwa kusitasita, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Kisha maneno yakamiminika. Naliaka aliambulia "Makuyu" na "Ruiru" tu. Ndipo akasikia kitu kilichomsimamisha nywele: sauti ya mamake ilikuwa inapenya ukutani, kutoka redio ya chumbani kwa jirani. Kama ilikuwa pale, basi ilikuwa pia huko Ukambani, Kitui na Makueni, madukani na jikoni, kwa watu ambao mama hangewaona kamwe.

Simu ilipokatika, mlango ulisukumwa bila hodi. Ndinda, jirani yao, alisimama pale na mikono imejaa povu la sabuni.

"Nyanya, ni wewe? Miezi minne tunasalimiana kwa Kiswahili, kumbe!"

Mama akamjibu kwa Kikamba. Ndinda akaketi kitandani na povu lake, wakaanza kuongea kwa pupa, wakikatizana. Naliaka hakuelewa hata neno. Alisimama na simu mkononi akimtazama mamake, mwanamke aliyemjua maisha yake yote, akaona haya kuwa hakuwahi kumuuliza kuhusu utoto wake.