Taa Wakati wa Mbalamwezi

Mimi simwamini mtu anayeniambia ndagala wake wamekauka vizuri. Natumbukiza mkono hadi chini ya gunia, natoa mmoja, namvunja, namnusa, namtafuna. Miaka ishirini na sita ya kuuza samaki hao wadogo hapa Rumonge imenifundisha kwamba juu ya gunia kila mtu ni mwaminifu. Ndiyo maana wapenzi wa raga waliponifanya kiongozi wao, wakaanza kuniita Prezida, hawakufanya hivyo kwa kuwa naujua mchezo. Walitaka mtu wa kulinda viti vya basi visichukuliwe na wajanja.

Raga yenyewe ilitufikia kwa mlango wa Emery, mtoto wa jirani yangu Clotilda. Alipoanza kukimbia na ule mpira wenye umbo la yai tulimcheka, tukamuuliza kuku aliyeutaga yuko wapi. Alipoitwa timu ya taifa, kicheko kikaisha. Sasa Burundi ilikuwa icheze na Tanzania kule Bujumbura, Jumamosi, na kwa mara ya kwanza Emery wetu alikuwa aanze, tena mbele kabisa, pale wanaposukumana kama fahali. Watu thelathini na wawili walikuwa wameshajiandikisha kwangu. Zabroni, fundi baiskeli, alikusanya majerikani matupu ya mawese akayapaka nyekundu, nyeupe na kijani, tuyapige uwanjani hadi wageni waombe radhi.

Jambo moja tu lilikuwa likiwasha watu chini kwa chini. Emery alizaliwa Tanzania. Clotilda alimzaa kambini, upande wa Kigoma, wakarudi nyumbani mtoto ana miaka mitano. Mimi jambo hilo halikuwa limenisumbua hadi Jumatatu ya wiki ile.

Jumatatu kocha aliwapa wachezaji ruhusa ya siku tatu wakawaone wazazi. Siku zote Emery akija hupita kwangu kwanza, huinua gunia langu kwa mkono mmoja ili nimpigie kelele. Safari hii alipita ng'ambo ya njia, kofia ameivuta hadi puani, kama mtu aliyekula kuku wa jirani. Nikampigia simu. Niliisikia ikilia mfukoni mwake, yeye huyo anaingia ndani bila kuigusa. Nikapiga mara nne.

Jumanne asubuhi alisimama kibarazani kwangu, macho ameyakunja.

"Amahoro, Mama Salima. Mechi iko siku gani?"

Nikamwambia Jumamosi. Saa tisa alasiri akarudi, akasimama palepale, akauliza maneno yaleyale: "Mechi iko siku gani?" Nikajiambia, huyu ananipima. Anataka kujua mimi najua nini. Jioni nikamsikia akitapika nyuma ya ukuta. Clotilda akasema ni maharage. Mimi maharage ya Clotilda nayajua, hayajawahi kumdhuru mtu. Na juu ya yote, wiki hiyohiyo walikuwa wameshuka bandarini wafanyabiashara wawili wa Kigoma wenye mabeseni ya plastiki, na mmoja wao nilimwona kwa macho yangu akimpa Emery mkono.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Zabroni kutengeneza pedali. Akaniuliza, "Prezida, huyu mutoto iko na nini? Anatupita kama hatujui."

Nikamjibu, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Ni hayo tu niliyosema, naapa. Lakini maneno yale yalitoka pale kwa miguu yao, yakafika bandarini, yakarudi kabla ya adhuhuri yamenenepa. Emery amekutana na Watanzania. Emery ameahidi kuuangusha mpira. Emery damu yake iko kule. Sikuyasema hayo, na sikuyakanusha. Nilikaa nikayasikiliza kwa raha, maana ni raha kuwa wa kwanza kujua.

Jumatano mchana Clotilda aliniita juu ya ua. "Emery leo iko naenda ku ziwa na Baba Protasi. Anasema amelikumbuka ziwa, alale huko, kesho arudi ku ekipe ya taifa."

Nusura nicheke. Ndagala huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hutawanyika, taa haina maana tena, na mitumbwi yote hupumzika ufukweni karibu wiki nzima. Ndiyo sababu wiki ile mimi nilikuwa mikono mitupu, nina nafasi ya kuchunguza nani anatapika wapi. Clotilda ni mwalimu, mtu wa kambi na wa vitabu, ziwa analijua likiwa sahanini. Lakini Emery? Amevua na Protasi kila likizo tangu ana miaka kumi na miwili. Mtoto wa mwambao huu huujua mwezi kabla hajajua kuhesabu. Atamdanganyaje mama yake uongo mbovu namna hiyo, kama si kwamba anajua mama haelewi?

Nilifurahi. Naona aibu kusema, lakini nilifurahi. Leo namshika, nikasema, yeye na watu wake wa mabeseni.

Baada ya magharibi nilijitanda mtandio wangu mweusi nikashuka ufukweni. Jua lilikuwa limezama nyuma ya milima ya Kongo, na upande wetu mwezi ulishachomoza juu ya vilima, mzima, mwekundu, mkubwa kama sinia. Mitumbwi ilikuwa imepandishwa mchangani, mstari mrefu, nyavu zimekunjwa. Hapakuwa na mtu. Nikajibanza kando ya mtumbwi wa Protasi nikangoja Watanzania.

Alikuja Emery peke yake. Alikuwa amevaa koti lake la ziwani. Mkono mmoja ulibeba chakula kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, mwingine taa yake ya zamani ya kuvulia. Akaenda hadi majini, akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaweka taa chini, akaita.

"Baba Protasi! Eh, Baba Protasi!"

Hakuna aliyeitika. Akakaa ukingoni mwa mtumbwi, bakuli mapajani, kama mtu aliyechelewa na kuachwa. Sikuweza kuendelea kujificha. Nikajitokeza.

"Emery, unatafuta nani?"

Hakushtuka. "Mama Salima. Baba Protasi iko wapi? Ameniacha?"

"Hakuna mtu anaenda ku ziwa leo. Angalia juu."

Akainua uso. Mwanga wa mwezi ulipompiga machoni alijifunika kwa kiganja akaguna, kama nimemrushia mchanga. Kisha akainama pembeni akatapika. Nilimshika bega. Lile bega lililokuwa likiinua gunia langu lilikuwa linatetemeka.

"Mwezi," akasema taratibu. "Oya, hapana. Mwezi bado mudogo. Leo ni siku gani?"

Hakuwa amemdanganya mama yake. Alikuwa amekuja kuvua kweli.

Nilimkalisha mchangani nikamuuliza polepole, na yeye akanieleza vipandevipande. Jumapili, mazoezini, goti la mwenzake lilimpiga kichwani. Alianguka, akaamka, akasema hana neno. Tangu hapo kichwa kinagonga, mwanga unamchoma, kioo cha simu hawezi kukitazama. Yule wa Kigoma alimpa mkono akamwambia kila la heri, basi.

"Mwambie kocha," nikasema.

Akanishika mkono kwa nguvu, akanisihi. "Ndagusavye, Mama Salima, usiseme kwa antrenere. Hapa watu wanasema mimi ni Mutanzania, nimewauza. Mama amesikia mpaka ku soko. Kama sichezi, watasema ni kweli. Nicheze hii moja tu, halafu nitapumzika."

"Nani anasema hivyo?" nikauliza, na sauti yangu nikaisikia inatoka mbali.

"Sijui nani alianza."

Mdomo huponza kichwa, husema wahenga. Wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mtoto wa jirani. Nilimrudisha kwa mama yake nimemfunika mtandio wangu usoni, na nilipofika kwangu nikampigia kocha. Namba yake ninayo mimi tu katika Rumonge, kwa cheo changu. Kocha Hyacinthe alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama, asiguse mpira. Akipigwa tena hivyo tunaweza kumzika. Peleka yeye ku hospitali kesho mapema."

Alhamisi daktari alisema karibu maneno yaleyale. Akae gizani, kimya, asikimbie, Jumatatu apelekwe Bujumbura kichwa kipigwe picha. Clotilda alitoka chumba cha daktari ameshikilia karatasi kwa mikono miwili. Hakunilaumu. Hakujua cha kunilaumia, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia. Aliniomba jambo moja.

"Mama Salima, watu wasijue ni kichwa. Hapa wakisikia kichwa, watasema ni musazi. Iyo izina haitatoka, hata akipona. Nani atamupa kazi? Nani atamupa mutoto wake amuoe? Antrenere amekubali kusema ni malaria."

Nikaapa. Najua jina la wazimu linavyoganda katika mji huu. Yuko mtu hapa aliwahi kuweweseka kwa homa wiki moja tu, leo ana wajukuu, na bado watoto wanamwita hivyo.

Ijumaa alasiri nilikwenda kwa Zabroni tupange safari. Nilikuta watu kama kumi na watano, na hapana aliyenipa kigoda.

"Prezida," Zabroni akaanza, "ekipe imetoka. Emery hayuko. Hata kwa wale wa akiba hayuko. Wanasema malaria. Nani hapa ameona malaria?"

Kisha akaendelea:

"Mutoto wa dada yangu anafua manguo ya ekipe. Amesema mama mumoja wa Rumonge alipiga simu kwa antrenere. Na namba ya antrenere, hapa iko na nani?"

Wote wakanitazama. Naujua mtazamo ule. Ni wangu. Ndivyo ninavyolitazama gunia kabla ya kutumbukiza mkono.

Maneno mawili yangenitoa pale: kichwa chake. Lakini nilishayaona maneno yanavyotembea katika mji huu, mimi ndiye niliyeyapa nauli mara ya mwisho. Yangetoka pale ni kichwa, yangefika bandarini ni wazimu, na jioni yangekuwa yamekaa mlangoni kwa Clotilda. Na kama ningesema tu sijui lolote, wangerudi kwenye lile la kwanza, kwamba Emery amewakimbia ili awape ushindi ndugu zake.

"Namba iko na mimi," nikasema. "Ndiyo, nimepiga simu. Nilisema uongo juu yake wamutoe."

"Kwa nini?" Zabroni akauliza.

"Babu yangu alitoka Ujiji. Munanijua. Nani hapa hajui? Emery anataka kufa kwa ajili ya Burundi, na mimi sikutaka watu wa babu yangu wapigwe."

Nilidhani watacheka. Miaka ishirini na sita nimewauzia samaki, nimewalilia misiba yao, nimewapigia filimbi mechi zote. Nilidhani angalau mmoja atasema, haiwezekani, Mama Salima si mtu wa hivyo. Nilishangaa walivyoamini upesi, na kwa raha gani. Mmoja akasema, "Kumbe!" Mwingine akasema alishaliona zamani, tangu nilipokataa kupaka rangi usoni. Zabroni alinyoosha mkono nikampa filimbi ya kiongozi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema.

Nilikwenda nyumbani nikalia. Sikulia kwa ajili ya Burundi wala Ujiji. Niliumia, basi.

Jumamosi asubuhi basi liliondoka na majerikani yake, kelele zikasikika hadi barabara ya Minago. Waliimba jina la Emery. Hilo walau nililipata. Mchana nilivuka ua nikaingia kwa Clotilda na birika la chai ya tangawizi. Chumbani madirisha yalifunikwa kwa kanga, redio iko chini kabisa, mtangazaji anasoma majina ya wachezaji. Emery alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba, na uso wake ulikuwa umerudiwa na rangi kidogo. Aliposikia hatua zangu akageuka.

"Mama Salima, watu wamekuja ku dirisha jana wamenipa pole. Wanasema ni weye umeniuza kwa antrenere, kwa sababu ya babu yako. Ni kweli?"

Clotilda aliinamisha kichwa. Kwa Emery mwenyewe sikuwa nimekatazwa kusema.

"Nilipiga simu kwa antrenere kwa sababu unaumwa. Nimekukuta ku ziwa, Jumatano usiku, unamutafuta Baba Protasi. Ulikuwa umebeba taa, na mwezi mukubwa."

Akafumbua macho, akanitazama katika lile giza la kanga. Hakukumbuka. Nilimwona akitafuta na hakuna anachokipata. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyemshika mwongo.

"Mimi? Niende ku ziwa na taa, mwezi mukubwa? Mama Salima, mimi ni mutoto wa hapa. Hata mutoto wa miaka sita hawezi kufanya hivyo." Akageukia ukuta. "Ungetafuta uongo muzuri kuliko huo."

Redioni filimbi ya kwanza ikalia. Nilimmiminia chai, nikaiweka karibu na mkono wake, nikaenda kuvuta kanga vizuri kwenye dirisha, maana palikuwa na upenyo na mwanga ulikuwa unamwangukia usoni.