Kikao cha Kuninyanyua

Mwili wangu una wabia wawili. Upande wa kulia bado unakwenda kazini. Wa kushoto ulistaafu siku kiharusi kilipopita, na haukuaga. Msinionee huruma kwa hilo. Nioneeni huruma kwa watoto niliowazaa.

Anayenitunza ni mkwe wangu, mke wa kitindamimba wangu. Mume mwenyewe ni dereva wa lori, huja nyumbani kama mgeni, akala, akalala, akaondoka. Mkewe ndiye anayenitoa kitandani, ananiogesha, ananigeuza kila baada ya saa mbili nisiote vidonda. Hakufundishwa na mtu, kajifunza kwa kuumia. Kitanda changu kakiinua kwa matofali mpaka kikalingana na kiti cha magurudumu. Kanishonea mkanda mpana wa turubai wenye vishikio viwili. Ananifunga kiunoni, anahesabu moja mbili tatu, mimi nasukuma kwa mguu wangu mzima, nahama. Tumezoeana kama mchi na kinu.

Halafu mgongo wake ukagoma. Daktari akamwambia asinyanyue kitu kizito wiki mbili nzima, la sivyo atalazwa kitanda cha pili kando yangu, na hapo nani atamgeuza nani? Alirudi na karatasi ya daktari, akaiweka juu ya kabati, akaja kuninyanyua. Nikamuuliza kama daktari kasema mimi ni kitu chepesi. Akacheka, ila alicheka kashika kiuno.

Nikaita wanangu wakubwa, wote wawili wamo mjini humu humu. Wa kwanza tunamwita Mwenyekiti, maana hajawahi kukaa mahali pasigeuke kikao. Wa pili ni binti yangu, tunamwita Dokta. Anauza vitambaa, lakini ugonjwa asioujulia dawa bado haujazaliwa. Hao ndio wataalamu wangu wa kwenye simu. Mgeuzeni mama, mnyosheni mama, mfanyisheni mama mazoezi. Ukiwasikia utadhani humu ndani tuko kumi.

Walifika Jumapili mchana. Mwenyekiti kaja na saa ya ukutani, ati imsaidie mkwe kujua muda wa kunigeuza. Dokta kaja na marashi, ati chumba kinanuka dawa. Mkwe akashukuru kwa yote. Mimi nikajifanya nimesinzia, kwani mzee akisinzia watu husema yaliyo moyoni.

Mwenyekiti akafungua kikao. Alishukuru waliohudhuria, kana kwamba tulikuwa na pa kwenda. Wakazungumzia kutafuta msaidizi, kila mmoja akaeleza kwa kirefu kwa nini siku hizi hapatikani mtu wa kuaminika. Dokta akasema tatizo la mgongo wa wifi yake ni godoro. Mwenyekiti akapendekeza mkwe apumzike kwa awamu, yaani kati ya kuninyanyua na kuninyanyua. Mwisho wakaafikiana kuunda kamati ndogo ilitazame suala hili, wakutane tena baada ya wiki mbili.

Wiki mbili. Mgongo ungekuwa umeshapona au umeshavunjika. Mkwe alikuwa kaketi ukingoni mwa kiti, akihamisha uzito paja hili, akiurudisha lile.

Nikafumbua macho, nikasema nataka kwenda haja.

Mkwe akaanza kuinuka kwa mazoea. "Wewe kaa," nikamwambia. "Daktari kakukataza, na kamati iko hapa."

Mwenyekiti akamtazama Dokta, Dokta akaitazama saa mpya. Mwenyekiti akasema kazi hii ni ya wanawake. Dokta akasema yeye hana nguvu, kaka ndiye mwenye kifua. Nikawaambia mimi naweza kusubiri, ila kibofu changu hakijui taratibu za vikao.

Basi wakanijia. Mwenyekiti akanishika kwapa la kushoto, la upande uliostaafu, akalivuta bega kama anayeng'oa muhogo. Dokta akanikamata miguu, kama wanahamisha kabati. Hapo na mimi nikaupa mguu wangu mzima likizo. Nikaacha kila kitu, shingo, mkono, kiuno, nikawa gunia la mchanga mbichi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku hiyo usufi ulikuwa umelowa.

Na kiti hakuna aliyekifunga breki. Nilipokigusa kwa makalio kikakimbilia kabatini. Mwenyekiti akashuka mpaka sakafuni akiwa kanikumbatia, mwana kampakata mama, na Dokta akabaki kasimama na soksi yangu moja mkononi. Nikacheka mpaka machozi. Ile haja nayo haikungoja azimio, ikapita yenyewe, juu ya suruali ya Mwenyekiti.

Ndipo mkwe aliposema, bila kuinuka.

"Shemeji, bega hilo usilivute, litachomoka. Wifi, mkanda uko msumarini nyuma ya mlango. Leteni kiti upande wake wa kulia. Fungeni breki, zote mbili. Kunjeni magoti, mgongo usipinde, halafu hesabuni kwa sauti ili na yeye ajue."

Walijaribu mara mbili wakashindwa. Mara ya tatu nikawahurumia, nikasukuma kidogo, nikapanda. Mwenyekiti jasho linamtiririka puani. Akauliza kwa sauti ndogo, "Hivi shemeji, kwa siku unafanya hivi mara ngapi?"

"Sijawahi kuhesabu. Labda mara kumi."

Kikao kikakosa mwenyekiti. Dokta akanisafisha, akiuliza kila kitu: sabuni ipi, kitambaa kipi cha uso na kipi cha chini, maji ya moto kiasi gani. Mkwe akamjibu pale pale alipoketi, kwa upole unaonishinda mimi.

Hakuna aliyepiga kura. Dokta alituma mtu amletee nguo zake. Atalala hapa wiki mbili. Mwenyekiti akasema atapita asubuhi kabla ya kufungua duka lake, na jioni akilifunga. Mkwe nikamwamuru aende kwa mama yake, kwa sababu akibaki humu wataulizia mpaka kijiko kilipo.

Alipokuja kuniaga hakuinama, alichuchumaa mgongo wima, mdomo karibu na sikio langu. "Mama, ule mguu wa kulia leo ulikuwa wapi?"

"Ulihudhuria kikao."

Hakucheka. "Ungevunjika nyonga je? Hao wangerudi makwao, wa kukubeba ningekuwa mimi. Na mgongo huu."

Alisema kweli. Nilikuwa nimemchezea yeye kamari, si wao. Nikamwambia anisamehe, na kwamba mguu utarudi kazini, aende akalale bila wasiwasi.

"Kuanzia lini?"

"Kesho asubuhi," nikasema. "Leo jioni Mwenyekiti bado ana zamu."