Vitabu Arobaini na Viwili vya Bi Sindano

Katika chuo kikuu kile hakuna profesa aliyepitia vitabu vingi kuliko mimi. Nimevipitia vyote vya maktaba, ghorofa zote tatu, cha kwanza hadi cha mwisho, tena kila wiki kwa miaka thelathini na mmoja. Nilivipitia kwa kitambaa cha vumbi, lakini kupitia ni kupitia. Shule yangu iliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kuniona.

Nimestaafu siku nyingi. Ila mwaka huu maktaba inatimiza miaka sitini, na mkutubi mkuu, binti mwembamba mwenye miwani minene, akapewa kazi ya kuandika historia yake na kuandaa ubao wa wafadhili wa kutundikwa mlangoni. Niliposikia hivyo nikavaa viatu vyangu vya misibani, nikamfuata ofisini.

"Mwanangu," nikamwambia, "mfadhili wa kwanza ni shangazi yangu. Watu walimwita Bi Sindano. Alikuwa mshona vitabu katika kiwanda cha kuchapa. Maktaba hii ilipofunguliwa ilikuwa na jengo, rafu na msimamizi wa kukataza kelele. Vitabu, hata kimoja! Shangazi akaomba karatasi zilizokataliwa kiwandani, zenye doa la wino au zilizochapwa kombo, akazishona nyumbani kwenye meza yetu ya chakula. Miezi minane tulikula tumepakata sahani. Vikatoka vitabu arobaini na viwili, akavileta hapa."

Mkutubi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi. "Bibi, nakuamini. Lakini sikiliza daftari la mapokezi linavyosema." Akanisomea: vitabu arobaini na viwili, makasha matatu, na jina la duka moja kubwa la mjini.

"Makasha ya biskuti hayo! Shangazi aliyaomba dukani. Ulitaka avibebe kichwani kimoja kimoja?"

"Kamati inataka ushahidi. Na mwenye duka ameacha mtoto, naye ameshaleta barua kwamba vitabu vilikuwa vya baba yake. Alhamisi fundi anaanza kuchonga majina, bibi. Jina likishachongwa, halifutiki."

Hapo utani ukanikauka mdomoni. Shangazi hakuzaa. Niliyebaki wa kumtaja ni mimi, na kwa umri wangu huu nikikawia bafuni watu wa nyumbani wanagonga mlango kuuliza kama bado nipo. Jina lake lisipokaa pale mlangoni, siku nikiondoka mimi, naye ameondoka mara ya pili.

Jumatano Mkutubi akatuita sote wawili. Huyo mtoto wa mwenye duka ana miaka sabini kasoro. Kitambi kilitangulia kuingia, suti ya vipande vitatu ikafuata, yeye akaja wa tatu. Nikambatiza Bwana Suti palepale, kimoyomoyo.

Vitabu vyenyewe hukaa kwenye kabati la vioo karibu na ngazi, vimefungiwa kwa heshima. Ufunguo sikuwahi kupewa. Nilifuta vioo tu. Nilisema nimevipitia vyote? Basi toa arobaini na viwili.

Mkutubi akafungua kabati, akavipanga mezani.

"Baba alivinunua vyote duka la vitabu," Bwana Suti akasema, akivitazama kama mtu aliyepelekwa kuchagua mbuzi. "Akavisoma vyote kabla ya kuvitoa. Alikuwa mtu wa kusoma sana."

Ningeweza kubisha. Lakini macho yangu yalikuwa yameona kitu kwenye kingo za vitabu vile, nikajikausha, nikaanza kumpamba.

"Inaonekana, mwanangu. Hata wewe una uso wa nyumba yenye vitabu. Marehemu alipenda kipi zaidi?"

Akachagua kinene kuliko vyote, chenye jalada jekundu. "Hiki. Hiki ndicho kilichomfunza maisha."

Mkutubi akasoma mgongo wa kitabu. "Hiki ni cha ujenzi wa mifereji ya maji machafu."

"Hekima inapita popote," nikamtetea haraka, asije akaniponyoka. "Na nyinyi watoto aliwasomea?"

"Kila Jumapili, baada ya chakula! Hasa ukurasa wa tisini. Akifika hapo, sauti inamkatika. Nauona mpaka leo: mchoro upande huu, maneno upande huu."

"Maskini baba wa watu! Hebu tusomee kidogo. Mimi shule yangu fupi, nami nionje."

Akalamba kidole, akafungua. Themanini na nane, themanini na tisa. Akageuza. Tisini na mbili. Akarudi, akageuza polepole, kama anayevizia panya. Tisini na mbili. Jasho likamtoka puani.

"Umechanwa," akasema. "Wanafunzi wa siku hizi!"

Mkutubi akakichukua kitabu hadi dirishani, akapitisha kucha ukingoni. "Haujachanwa. Umo humu ndani. Karatasi imekunjwa na mkunjo haujakatwa. Kurasa hizi hazijawahi kufunguliwa na mtu."

"Zitafunguliwaje?" nikasema. "Karatasi inachapwa ikiwa kubwa kama shuka la mtoto, inakunjwa mpaka inakuwa kurasa kumi na sita, inashonwa mgongoni. Kiwandani kuna mashine ya kukata mikunjo kabla kitabu hakijaenda dukani. Shangazi nyumbani alikuwa na kisu cha vitunguu. Hicho kinene na wenzake wa mwisho alivishona gari la kubeba makasha liko mlangoni linapiga honi, hata kukata mikunjo hakuwahi. Sasa niambie, mwanangu, ni duka gani lililomuuzia baba yako kitabu kilichofumba macho?"

Mkutubi alikuwa ameshashika kingine, na kingine tena, akipitisha kucha. Vinne, vitano, vyote vimeshikana ubavuni. Akavuta karatasi ya majina ya kumpa fundi, akaandika jina la shangazi yangu kwa herufi kubwa, akalipigia mstari chini. Mimi nikajifanya natafuta leso kwenye mkoba.

Bwana Suti akafungua kifungo kimoja cha koti. "Baba," akasema, "alikuwa... alikuwa anachungulia kwa juu. Hakupenda kuharibu vitabu."

Mkutubi akachukua kisu cha bahasha, akakata mkunjo taratibu, akakifungua kitabu mbele yake. Tisini na tisini na moja: maneno matupu, kutoka juu mpaka chini.

"Na ule mchoro wa kila Jumapili," akauliza, "uko upande gani?"

Bwana Suti akainama, akautafuta kweli.